Nguo ya Orpha Nyuma ya Mlango

Laurel Lick, Kentucky
Oktoba 9, 1974

Mwanangu Denzil,

Pokea salamu zangu, na za baba yako Estill kutoka kwenye kiti chake. Kifua chake ni kilekile, vumbi la mgodi halijamtoka wala halitamtoka, lakini chakula anakula. Dada yako Wilma Jo anakusalimu, na Roscoe wake, na mapacha wao ambao sasa wanatambaa na kutia mdomoni kila walichokikuta sakafuni. Shangazi yako Zettie anakusalimu na anasema umekonda. Mchungaji Fugate kila Jumapili hakosi kukuulizia. Ningekuletea na salamu za ng'ombe Pansy, ila leo asubuhi amenipiga teke, kwa hiyo ajisemee mwenyewe. Miili yetu ni mizima, ila nafsi hazijatulia tangu Jumamosi, nawe sababu unaijua.

Nakuandikia kwa kuwa simu yetu ni ya kaya sita. Nikiinua tu mkono wa simu namsikia Zettie anavuta pumzi upande wa pili. Mwandiko wangu utauvumilia, hata mwalimu wangu aliuvumilia.

Nilikuona Jumamosi, mwanangu. Nilikuwa nje ya kamba ya polisi pamoja na wanawake wa kanisa, nawe umevaa glovu na umebeba lile sanduku lako. Ulipopita ukaniambia, "Mama, rudini nyuma kidogo," kwa sauti kama ya mtu wa benki. Sikukasirika. Wenzangu wakanigusa kiwiko, huyo si ndiye wako? Nikasema ndiye. Nilitaka kujivuna, nikashindwa.

Bado siamini. Orpha Napier, mwenzangu tangu tuko wasichana, amelala sakafuni jikoni kwake na kichwa kimepasuka, na aliyemkuta ni mimi. Nilimweleza naibu wa sherifu kwamba nilimpelekea jemu ya matofaa, nikabisha, nikamwona kupitia mlango wa wavu, nikakimbilia kwa Zettie kupiga simu. Akaniuliza kama niligusa chochote. Nikamwambia sikuvuka kizingiti.

Sasa wamemshika Clell. Clell wetu, mpwa wa Orpha, aliyekula mezani kwangu na wewe na kukuvunja jino kwa gongo la besiboli. Wanasema aliingia dirishani akampiga shangazi yake, na kwamba hataki kusema alikuwa wapi. Kila mtu bondeni anajua alikuwa wapi. Alikuwa msituni anachimba jinsengi, ile mizizi ya dawa inayouzwa ghali, na hakuna mchimbaji anayetaja shamba lake la siri, hata kwa mkewe. Roscoe anasema asipotaja atafungwa maisha.

Nataka kukuuliza jambo, nauliza tu. Mtu akigusa kitu kabla hamjafika, na hana nia mbaya, nyinyi mnajuaje? Na anakuwa ameharibu kiasi gani?

Mama yako anayekupenda,
Verlie Stamper


Carrick
Oktoba 14, 1974

Mama mpendwa,

Nisalimie Baba, Wilma Jo na wote, na Pansy umwambie nimesikia habari zake. Niwie radhi kwa ile sauti. Kazini hunitoka yenyewe.

Umeniuliza tunajuaje. Tukifika, jambo la kwanza ni kamba, na tunaifunga mbali kuliko watu wanavyotarajia, maana aliyetenda uovu ana njia aliyojia na njia aliyoondokea. Halafu tunachagua njia moja tu ya kupita sisi wenyewe, na anayeingia anaandikwa jina. Hatugusi kitu. Kila chumba kinapigwa picha kama kilivyo, kisha mmoja wetu anachora mahali kila kitu kilipo. Ndipo tunapekua, kipande kwa kipande, kama mtu anavyolima matuta, kwenda na kurudi, na mwenzako anarudia pale ulipopita wewe. Tunachokiokota kinaingia kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki huozesha damu.

Kwa hiyo mtu akigusa, nyumba inasema uongo. Na sisi tunauamini, kwa sababu hatuna mwingine wa kumuuliza.

Nitakueleza tulichokiona, usimwambie mtu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na baridi ile. Chumbani kwake kasha limefunguliwa, nguo zimevurugwa. Jikoni hapakuwa na kitu chenye damu kinachoweza kuwa kilimpiga, kwa hiyo mkubwa wetu, Bwana Lasater, anasema muuaji aliondoka na silaha. Uso wa marehemu ulikuwa umefutwa. Kioo kilikuwa kimefunikwa shuka na saa ya ukutani imesimamishwa. Bwana Lasater anasema mtu anayemfuta uso yule aliyemuua, kisha akafunika kioo, ni mtu anayeona aibu, na anayeona aibu ni ndugu. Hivyo ndivyo alivyomfikia Clell.

Mama, mimi na wewe tunajua watu wa kwetu hufanya nini mtu akifa. Wanafungua dirisha ili roho itoke, wanasimamisha saa, wanafunika kioo. Je, kuna mwanamke yeyote aliyeingia mle kabla ya polisi? Hatafungwa. Aseme tu.

Mwanao,
Denzil


Laurel Lick
Oktoba 19, 1974

Mwanangu Denzil,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Baba yako amekohoa wiki nzima, wengine wazima.

Tumemzika Orpha Jumatano. Walimleta Clell makaburini amefungwa pingu, kati ya manaibu wawili. Alipotaka kutupa udongo mikono haikuachana, ikabidi autupe kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemwaga maji. Watu walitazama chini. Mimi nilitazama viatu vya mchungaji mpaka alipomaliza kuomba.

Orpha walimvika gauni la wale watu wa mazishi wa mjini, la rangi ya waridi, lina mkanda. Hajavaa waridi maisha yake yote. Wanawake walinong'ona kwamba alikuwa na nguo yake ya kuzikiwa, ile ya buluu aliyoishona mwenyewe, na Zettie akasema labda mwizi aliichukua. Nani aibe nguo ya maiti?

Kuhusu swali lako, sijui mwanamke wa kuingia mle. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na sikuingia. Ukiwauliza wenzangu utawatia hofu bure. Huenda ni Orpha mwenyewe aliyefungua dirisha, jikoni kulikuwa na joto, jiko la chuma lilikuwa halijapoa na maji ya birika yalikuwa bado vuguvugu. Na kioo huenda alikuwa anakisafisha. Huyo Bwana Lasater amesoma sana, atagundua mwenyewe.

Clell atafanywa nini? Niambie yote, usinifiche.

Mama yako,
Verlie


Carrick
Oktoba 24, 1974

Mama,

Aliyesimama nyuma ya mlango wa wavu hawezi kujua kama maji ya birika ni vuguvugu.

Niliposoma pale niliikunja barua nikaenda kabatini kwenye picha za kesi. Kwenye fremu ya dirisha nilipata alama za vidole kwa unga wangu mwenyewe. Si za Clell. Bwana Lasater anasema Clell alivaa glovu na hizi ni za marehemu au mgeni yeyote. Ni vidole vidogo, na kimoja kina mstari unaokatiza katikati, kovu la kukatwa na kifuniko cha mkebe. Nimevutwa masikio na kidole hicho tangu nina miaka minne. Nilipouona mstari ule mara ya kwanza niligeuza picha nikaanza kazi nyingine.

Sasa nisikilize, maana sikuandiki kama polisi. Nilijua tangu Jumamosi ile. Nilipoingia jikoni nikaona saa imesimama na kioo kimefunikwa, nilijua kwamba mwanamke wa kwetu amepita hapa kwa mapenzi. Bwana Lasater alisimama katikati ya chumba akatueleza habari ya muuaji mwenye aibu, wenzangu wakaandika. Ningefungua mdomo tu. Lakini wao huniita Mtoto wa Shimo la Makaa, wanaiga ninavyotamka maneno, na siku moja mmoja alinitundikia chuma cha kwato ya farasi juu ya meza yangu akasema ni ya kunikinga na wachawi wa kwetu. Nikaona nikisema kwetu tunafungulia roho dirisha, watacheka hadi Krismasi. Nikanyamaza. Nilipiga picha kioo kile mara tatu, na kila mara nilinyamaza.

Kesi inakwenda mbele ya jopo la mashtaka Novemba. Likikubali, Clell atashtakiwa kwa mauaji, na katika jimbo hili mtu wa hivyo hatoki.

Kwa hiyo sikuulizi tena kama uliingia. Nakuuliza ulifanya nini, kila kitu, kwa mpangilio ulivyokifanya. Ulichotoka nacho mle, kama kipo, usikifue, usikipige pasi, usikiguse.

Denzil


Laurel Lick
Oktoba 28, 1974

Mwanangu,

Nimekaa mezani, baba yako amelala, nami nakuandikia kwa mpangilio kama ulivyotaka.

Nilibisha, nikamwona, nikaingia. Ningesimamaje nje? Nilipiga magoti, nikamwita, nikashika shingo yake, na nikajua. Sakafu ilikuwa imelowa na ndoo imelala upande. Ameteleza, Denzil. Kichwa chake kilikuwa chini ya pembe ya lile jiko kubwa la chuma, na pembe ilikuwa na damu, na damu ilikuwa inaungua. Ile harufu sitaisahau. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya birika nikaipangusa pembe, ili mwenzangu asinuke hivyo nyumbani mwake. Kisha nikamfuta uso. Nilijua watakuja wanaume, nao wangemwona hivyo, mtu ambaye hata kwenda kuchota maji alikuwa anachana nywele kwanza. Kitambaa nikakitia motoni kikaungua.

Halafu dirisha, saa, kioo, kama mama yangu alivyofanya kwa mama yake.

Halafu kasha. Sisi wawili tuliahidiana tangu mumewe alipokufa. Atakayetangulia, mwenzake amvike nguo yake mwenyewe kwa mikono yake, si mikono ya watu wa kulipwa. Nguo ya buluu ilikuwa chini kabisa, nikavuruga kila kitu nikiitafuta. Niliichukua ili niipige pasi. Ndipo nikaenda kwa Zettie.

Nilikuwa tayari kusema, naapa. Lakini naibu yule kijana aliponiuliza kama niligusa kitu, aliniuliza mbele ya watu wote, na palepale akasema, mama yake Denzil Stamper hawezi kugusa kitu, si ndiyo? Wakacheka kidogo kwa wema. Na gari lako lilikuwa linapanda kilima. Nikaona nitakuaibisha siku ya kwanza watu wa kwetu wanakuona kazini. Nikasema sikuvuka kizingiti. Lilikuwa neno dogo sana lilipotoka.

Baada ya hapo kila siku lilikuwa kubwa kuliko jana. Siku walipomvika Orpha lile gauni la waridi nilikuwa na nguo yake nyuma ya mlango wa chumba changu. Ningeitoa, wangejua niliingia. Nikamwacha mwenzangu aende na nguo ya mtu mwingine, na nikamwacha Clell amzike na pingu mikononi, na nikaimba wimbo na wenzangu na sauti ikatoka vizuri.

Baba yako aliniambia neno moja tu. "Verlie, ile nguo inanitazama." Akageukia ukutani.

Haijaguswa na pasi wala maji. Kwenye ukosi kuna doa la damu ya Orpha, lenye alama ya kidole changu. Mara nyingi nimeshika sabuni nikaiweka chini. Barua yako ilipofika nilichukua kamba ya kuanikia nguo nikaifunga kukatiza mlango wa chumba, huku na huku, kama nilivyokuona ukifanya. Mimi na baba yako tunalala sebuleni. Wilma Jo alipouliza nikamwambia asivuke.

Kesho Roscoe ananipeleka kwa sherifu. Sijamwambia tunakwenda kufanya nini, anadhani ni habari za leseni ya mbwa. Usijaribu kunizuia, barua yako itanikuta nimeshasema.

Nisamehe kwa kukuogopea aibu nikakuletea kubwa zaidi.

Mama yako,
Verlie


Carrick
Novemba 4, 1974

Mama,

Nami nilisema kabla yako, siku niliyopokea barua yako ya Oktoba 19 na kukujibu. Nilisubiri wenzangu wote wawe chumbani, kwa kuwa nilinyamaza mbele ya wote, nikawaeleza desturi zetu na kidole ni cha nani. Hakuna aliyecheka. Ningependelea wangecheka. Bwana Lasater aliniuliza, "Stamper, ulijua, ukaniacha niongee?" Nikamjibu ndiyo. Akavaa kofia akatoka.

Nimeondolewa kwenye kesi. Sasa nafuta vumbi kwenye makabati hadi watakapoamua.

Nyumba ya Orpha ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo wenzangu wawili wamerudi mle na maelezo uliyompa sherifu. Wamelifungua jiko vipandevipande. Kwenye ufa chini ya ile pembe, mahali ambapo kitambaa chako hakikufika, kuna damu na unywele mweupe. Daktari ametazama vipimo alivyochukua kabla ya mazishi, jeraha na pembe vinalingana. Tulipopekua mara ya kwanza eneo la jiko lilikuwa langu. Nililipita kwa haraka, macho yangu yakikikwepa kioo.

Hakimu atamwachia Clell Ijumaa. Watakuja kuchukua nguo. Usiwape wewe mkononi, waache waichukue wenyewe.

Sijui kama nitabaki na kazi. Usinililie kwa hilo.

Denzil


Laurel Lick
Novemba 11, 1974

Mwanangu Denzil,

Baba yako anakusalimu. Wilma Jo na Roscoe wanakusalimu, na mapacha, mmoja amesimama peke yake juzi. Zettie hakunituma salamu, lakini amekuja leo na maharage na mkate wa mahindi, akaviweka akaondoka bila kuketi, kwa hiyo nakuletea hiyo kuwa salamu yake.

Walikuja Alhamisi, polisi wawili. Niliwainulia kamba wakapita chini yake. Waliipiga picha ile nguo ikiwa imening'inia, wakaishusha taratibu kama mtu aliyelala, wakaitia kwenye mfuko wa karatasi. Kisha wakanipaka wino vidole kimoja kimoja, hapo mezani. Kile chenye kovu kijana alikigeuza mara mbili. Wino umetoka kwa mafuta ya taa, ila kwenye kucha bado upo, na nimeuacha.

Jumapili nilisimama kanisani nikasema. Nilidhani wataniuliza kwa nini niliingia. Hakuna aliyeuliza hilo, Denzil. Kila mwanamke mle angeingia, na kila mmoja angefungua dirisha. Aliyeniuliza ni mjane wa Hobart, tena kwa upole. "Verlie, ulipomwona Clell na zile pingu, ulikuwa umesimama wapi?" Nikamwambia nilikuwa karibu, ningeweza kumgusa. Akaketi. Nami nikaketi. Mchungaji akachelewa kuanza wimbo.

Clell alikuja jana. Hakupanda ngazi, alisimama uani, amekonda, nywele wamemkata vibaya. Nilimwomba radhi. Akanisikiliza, hakunisaidia.

Baadaye akauliza, "Shangazi Verlie, ulimwosha uso?"

Nikasema nilimwosha.

"Vizuri." Akatazama barabara. "Kule ndani nilikuwa nawataja kichwani watu watakaonisemea. Nilikuwa naanza na wewe kila siku."

Nilimwambia apite ale. Akasema amekula, na nilijua hajala. Alipofika getini akageuka. Ile nguo ikirudi anaitaka yeye, ataizika pembeni mwa jiwe la Orpha, na amenikataza kuifua. Anasema hilo doa ndilo pekee lililomsemea.

Sasa nakuomba, hata kama wamekuweka kwenye makabati, waulize itarudi lini. Na wewe uje Sikukuu ya Shukrani, ukiwa na kazi au huna. Baba yako amesema atamchinja bata mzinga mwenyewe, kifua kikimruhusu, na amekusafishia bunduki ya kuwindia ambayo hutaitumia.

Jambo la mwisho ni hili. Kamba bado iko mlangoni. Wale vijana walipita chini yake wakati wa kutoka pia, hawakuniambia niifungue, na sisi bado tunalala sebuleni. Baba yako anasema niikate. Mimi sitaki tena kuondoa kitu nisichoambiwa. Niandikie upesi, mwanangu, neno moja tu linatosha, uniambie kama naruhusiwa kuifungua.

Mama yako,
Verlie Stamper